Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Sauti ya ripita yetu ilianza kufifia mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, na mimi nilianza kumshuku mtu kabla sijashuku kifaa. Ndivyo nilivyo. Nimefanya kazi ya ufundi wa maabara chuoni kwa miaka mingi, na huko nimeona vifaa vikiondoka nusu nusu: leo waya, kesho transfoma, hadi boksi linabaki zima kwa nje na tupu kwa ndani. Mtu akiniambia kitu kimeharibika chenyewe, huwa naitikia kwa kichwa tu, ila moyoni sikubali.

Kwa asiyejua mambo haya, sisi ni watu wachache tunaopenda redio za mawasiliano. Sizungumzii redio za kusikilizia taarifa ya habari. Hizi ni za kusema na kujibiwa, na mtu hapewi leseni hadi afanye mtihani. Morogoro mjini na pembeni yake, tuliokuwa tukisikika kila jioni hatukuzidi watano, na kati yetu wenye kushika bisibisi tulikuwa watatu. Mimi, mwanamke wa Singida niliyeletwa hapa na ajira nikabaki. Mwalimu wa fizikia anayeishi Mlali, kijana wa miaka thelathini na kitu. Na mzee wetu, aliyestaafu kazi ya mitambo ya simu, ambaye ndiye aliyetufundisha sisi wawili.

Redio zetu ndogo haziwezi kuvuka milima. Kwa hiyo tuna ripita, mtambo uliokaa kwenye banda la matofali juu ya mgongo wa Uluguru upande wa Mgeta. Unasikia sauti zetu dhaifu na papo hapo unazirusha upya kwa nguvu. Nguvu hiyo inatoka kwenye boksi moja jeusi la chuma lenye mapezi ya kupoozea joto, yaani amplifaya. Ishara inaingia na wati tano, inatoka na wati arobaini na tano. Amplifaya ikichoka, ripita inaendelea kusikia kila kitu lakini inakosa pumzi ya kujibu.

Jioni ile nilikuwa barazani kwangu Mwembesongo. Mwalimu alipoita kutoka Mlali, sauti yake ilikuja kama mtu anayeongea huku akikaanga kitu. Nikatazama mita. Mshale uliozoea kugonga mwisho ulikuwa umesimama katikati, unatetemeka.

"Mzee, unaisikiaje ripita leo?" niliuliza hewani.

Alichelewa kujibu. "Ni majani hayo," akasema. "Mvua zikinyesha majani yanashiba maji, yanameza mawimbi. Tusubiri zipungue."

Ni kweli kwamba majani mabichi humeza mawimbi. Lakini hayaanzi kumeza siku moja, tena kwa kiasi kile. Jambo hilo mzee alilijua kuliko mimi. Miaka yote niliyomfahamu, ripita ikipiga chafya tu alikuwa wa kwanza kusema twende juu. Safari hii aliyesema tusubiri alikuwa yeye. Nilipotaja Jumamosi, akaniambia magoti yanamsumbua. Nililiweka hilo kichwani, ingawa wakati ule sikujua nalipeleka wapi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mwalimu Mlali, tukapanda fuso lililokuwa linakwenda tupu Mgeta kupakia kabichi. Barabara ilikuwa tope, na kila kona dereva alizima redio yake ya muziki kana kwamba ilikuwa inampunguzia macho. Tuliposhuka tulipanda kwa miguu kati ya matuta ya karoti na njegere, mimi mbele na mkoba wa vifaa, mwalimu nyuma na mita ya kupimia nguvu.

Banda letu liko kwenye shamba la mama mmoja mjane, umri wake sitini na zaidi kidogo. Ardhi ile ameirithi kwa upande wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na hakuna mwanamume wa ukoo anayeweza kumhamisha. Alitukubalia kujenga pale bila masharti mengi. Tulimwachia ufunguo mmoja, na soketi moja ya kuchajia simu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja na mvua." Alisema kwa ule mwinuko wa sauti wa watu wa milimani, ambao kila sentensi inaishia juu kidogo kama swali. Alinipa ufunguo bila kunitazama sana. Hilo nalo nililiweka.

Kufuli lilikuwa zima. Mlango mzima. Niliwasha tochi ya simu ndani ya banda, na nilijua kabla sijagusa kitu.

Nina tabia ambayo wenzangu hunicheka kwayo. Kifaa chochote nikikifunga, naweka tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kila kichwa cha skrubu. Rangi ikipasuka, najua kuna aliyefungua. Amplifaya yetu niliifunga mwenyewe na kuitia rangi mwenyewe. Hii iliyokuwa mbele yangu ilikuwa nyeusi vilevile, ukubwa ule ule au karibu nao, lakini skrubu zake zilikuwa tupu.

"Mwalimu, hii si yetu."

"Si yetu vipi?"

"Tazama skrubu."

Aliinama akazitazama. "Labda rangi imebanduka kwa joto."

"Kwenye skrubu zote? Na stika yenye mwandiko wangu nayo imebanduka kwa joto?"

Akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa. "Lakini dada, mwizi gani anapanda mlima huu kuiba amplifaya, halafu anaacha nyingine mahali pake?"

Tulipima. Wati kumi na moja. Mtu alikuwa amechukua kizima na kuweka kibovu, ili taa ziwake, ripita ijibu, na sisi tuchelewe kushtuka. Hivyo ndivyo nilivyolifasiri. Ilikuwa mbinu ya mtu anayetujua.

Nilirudi kwa mama mjane. Alikuwa anaosha karoti kwenye karai mbele ya jiko lake.

"Mama, kuna mtu aliyeingia bandani tangu tulipokuja mara ya mwisho?"

"Hawaingii watu. Wanaoingia ni wenye redio."

"Wenye redio ni sisi. Namaanisha mtu mwingine."

"Nimekwambia, wenye redio," akarudia, akageuza karoti.

Nilisikia jibu la mtu anayekwepa. Na wakati huohuo nilisikia muziki. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, sabufa ilikuwa inapiga taarabu kwa sauti nzito kuliko nilivyotarajia kwenye nyumba ile. Mwaka uliopita haikuwepo. Najua fika kwamba amplifaya ya redio ya mawasiliano haiwezi kupiga muziki. Lakini mwizi hajui. Kwake neno ni lile lile, amplifaya ni amplifaya, na akishafungua boksi na kukuta haifai, atakuwa ameshaiharibu.

"Mama, naomba nione ile sabufa."

Mwalimu alinigusa kiwiko. Sikumsikiliza.

Mama alifuta mikono kwenye kanga yake polepole, kidole kimoja kimoja, akasimama akafungua pazia. Nilipita mbele ya mkeka wake wa kuswalia, nikaivuta sabufa kutoka ukutani, nikaigeuza, nikaimulika mgongoni. Ilikuwa sabufa ya dukani ya kawaida, waya zake zimefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Hakukuwa na kitu chetu.

"Amenunua mkwe wangu," alisema akiwa mlangoni. "Umeona ulichokitafuta?"

Nilisema samahani, ile ya mdomoni. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio huniwaka moto. Nilikuwa nimekuja na kufuli jipya mkobani, na hilo peke yake linaonyesha nilipanda mlima nikiwa na moyo wa aina gani. Nililifunga bandani na funguo zote mbili nikatia mfukoni mwangu. Ripita tuliiacha ikirusha kwa wati zake tano tu bila amplifaya, na lile boksi geni nikalibeba.

Mama aliniona nikipita. "Kufuli ni lako," alisema. "Mahali ni pa mama yangu." Hakupandisha sauti. Akarudi kwenye karoti zake.

Tulishuka hadi barabarani. Ndani ya fuso, tukiwa tumebanwa mbele na dereva, mwalimu alisema kwa sauti ya chini, "Dada, umemkosea yule mama."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Kwa nini anamtetea? Ndiyo kwanza nikakumbuka kwamba Mlali iko nusu ya njia, kwamba yeye ana pikipiki, kwamba angeweza kupanda na kushuka baada ya vipindi vya mchana bila mtu yeyote mjini kujua. Nikakumbuka kuwa wiki ile redio yake ilisikika safi kuliko zote. Alikuwa chini ya mlima, angesikika safi hata kwa redio ya mkononi, lakini akili yangu haikutaka hesabu hiyo. Ilikuwa imeshaanza kuokota okota.

"Pita unywe chai," alisema tulipofika kwake.

Kwa kawaida ningekataa, jua lilikuwa limeinama na mimi nina safari ya mjini. Nilikubali haraka mno. Nilitaka kuiona meza yake.

Meza ilikuwa na madaftari ya wanafunzi, redio yake iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, na kando yake boksi limefunikwa kitenge. Waya wa umeme ulitoka chini ya kitenge kwenda ukutani. Mwalimu alikwenda uani kumwita mkewe. Nilisikiliza hatua zake zikiisha, nikanyanyua kitenge.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye kioo juu, balbu ndani, na mayai ya kuku yamepangwa kwenye pumba.

"Ni mayai, dada." Alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe. "Siku ya kumi na tano leo. Ukifunika, funika taratibu, joto lisitoke."

Nilifunika. Alimimina chai, akaniongezea sukari kama ninavyopenda, na hakusema neno lolote juu ya jambo lile. Ingekuwa afadhali angegomba. Nilikunywa chai yote ikiwa bado inachoma, nikaondoka.

Kesho yake, Jumapili baada ya kutoka kanisani, niliweka lile boksi geni juu ya meza barazani nikatoa kifuniko. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa pua. Halikuwa na harufu ya kuungua. Nikachukua tasta, kipimo changu cha umeme. Ndani kulikuwa na transista mbili kubwa zinazosaidiana kazi, na moja ilikuwa imekufa, ya uzee tu. Ndiyo maana wati zilikuwa zile.

Kisha nikaona waya. Zilikuwa zimelala kwa pamoja kama nywele zilizosukwa, na kila baada ya upana wa kidole zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa nta, fundo dogo, bapa, likiangalia upande mmoja. Mafundi wa siku hizi tunafunga waya kwa vibanio vya plastiki. Uzi wa nta ni mkono wa watu waliofanya kazi kwenye mitambo ya simu ya zamani, ambako bosi alipita akikagua mafundo. Mjini hapa mtu anayefunga hivyo namjua mmoja. Ameketi nami miaka mingi akinionyesha fundo lile, na mimi nimeshindwa kulijifunza.

Nilikaa nikilitazama boksi, na shaka yangu haikuondoka. Ilihama tu, na ilipohamia palikuwa pabaya zaidi. Mzee ana kituo chake nyumbani, na amplifaya yake kuukuu amelalamika juu yake kwa muda mrefu. Sasa kuukuu yake iko kwetu, na yetu nzima haijulikani ilipo. Hataki tupande. Magoti. Majani. Kila kitu kililala mahali pake kama zile waya, na nilichukia jinsi kilivyolala vizuri.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikafika kwake baada ya adhuhuri. Mkewe alinipokea.

"Karibu mwanangu. Mzee yuko msikitini, anarudi sasa hivi. Kaa kule kwenye maredio yenu, nikuletee maji."

Kona ya redio ya mzee ni chumba kidogo cha mbele. Amplifaya yake ilikuwa ikikaa upande wa kushoto wa meza, na pale sasa palikuwa na mraba mtupu, rangi ya mbao ikiwa safi kuliko sehemu nyingine. Chini ya meza palikuwa na kiroba. Nilikivuta kwa mguu. Kwanza ilikuja harufu, ile ya transista iliyoungua, ambayo haitoki kwenye pua siku nzima. Kisha boksi. Skrubu za juu rangi imepasuka, za chini matone yangu mekundu bado mazima.

Mzee aliingia akanikuta nimepiga magoti na boksi mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alivua kofia, akakaa kwenye kiti chake, akaiweka juu ya goti. Hakuuliza nafanya nini. "Umeona uzi," alisema.

"Nimeuona."

"Nilijua ukifungua tu utajua. Nikasema nitawaambia kabla hamjafungua. Siku zikapita."

"Mzee, imeungua vipi?"

Mkewe aliweka maji akatoka.

"Nilipanda peke yangu," alianza. "Nilitaka kusafisha kutu kwenye waya wa antena ya kurushia, mvua hazijawa kubwa. Nikauchomoa waya. Sikuzima umeme."

"Wewe?"

"Mimi. Mimi niliyekufokea siku uliyofanya hivyo hivyo." Alitabasamu kidogo, bila furaha. Amplifaya ikirusha bila antena, nguvu haina pa kwenda, inageuka na kuiunguza yenyewe. Ni somo la kwanza alilotufundisha. "Na usidhani nilipuuza. Nilisimama pale na waya mkononi, nisikumbuke nimekwenda kufanya nini. Sikujua niko kwenye banda gani, binti yangu. Halafu ripita ikaitwa."

"Nani aliita?"

Alinitazama. "Nani huita mchana wa siku ya kazi, wakati wa chakula?"

Ni mimi. Chuoni, mapumziko ya mchana, hutoka na redio ya mkononi nikasimama nyuma ya maabara na kuuliza kama kuna mtu hewani. Huwa hakuna. Huita mara mbili tatu, nikarudi kazini.

"Nilisikia sauti yako pale ndani," alisema. "Ilinizindua. Nikasema, huyu anaita, nimjibu. Natafuta maikrofoni, wewe unaita tena, na kila ukibonyeza mtambo unarusha, waya uko mkononi mwangu. Mara ya tatu ikatoa moshi."

Siku ya tatu yake, aliniambia, alirudi na amplifaya yake mwenyewe, bodaboda hadi barabara inapoishia na sehemu iliyobaki kwa miguu. Kwa magoti yale. Siku mbili za katikati ripita ilirusha kwa wati zake tano tu, nasi tukadhani ni umeme mdogo. Alitoa kitu chake akakiweka mahali pa chetu, kikafanya kazi hadi transista moja ilipokufa, na nyumbani akabaki na meza yenye mraba mtupu.

"Ungesema tu imeungua, mzee. Vitu vinaungua."

"Mngeniuliza imeunguaje. Wewe ungeniuliza. Wewe huachi kuuliza." Aligeuza kofia juu ya goti. "Nami sikuwa tayari kulisema hilo neno. Kusahau. Hata huyo mama," akaonyesha kidole upande wa jikoni, "sijamwambia."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga njiani. Nilibaki nimelikumbatia lile boksi, nikajisikia mdogo. Nilimweleza nilichomfanyia mama mjane. Alifumba macho.

"Nilimwomba asiwaambie," alisema. "Alinipa neno lake. Nilidhani ni jambo la wiki moja."

Tuliitengeneza pale pale kwenye meza yake, Jumamosi mbili mfululizo, mwalimu akija kutoka Mlali kutusaidia. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwambia, kabla hata hajakaa, kwa sentensi mbili fupi. Mwalimu alisema, "Pole mzee," akavua koti na kuuliza tuanze na nini.

Transista mpya tuliagiza Dar, zikaja na basi ndani ya bahasha, zinang'aa. Ziling'aa mno. Nilizifuta kwa pamba yenye spiriti, maandishi yakatoka yote, na chini yake yakajitokeza maandishi mengine ya transista dhaifu. Mtu alikuwa ameketi mahali akazipaka rangi na kuziandika upya. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. "Hapa ndipo tabia yako ina kazi," aliniambia. Tukazirudisha dukani kwa basi, na tukang'oa jozi nzima kwenye redio kuukuu ya mawasiliano ya gari iliyokuwa stoo kwake. Nililehemu mimi, na yeye alisimama begani kwangu akiniambia risasi ya kulehemu ikitosha. Safari hii waya nilimwachia azifunge yeye kwa uzi wake. Kabla ya kubonyeza, tuliunganisha kopo la kupimia, lile linalomeza nguvu badala ya antena, na mzee akauliza kama limekaza. Mwalimu akakaza. Baada ya muda akauliza tena kama limekaza. Mwalimu akashika bisibisi akakaza tena, ingawa palikuwa hapasogei. Mita ilipanda hadi arobaini na tatu ikatulia.

Nilipanda Mgeta na mwalimu Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa na amplifaya mgongoni, na mfukoni funguo mbili zilizonichoma njia nzima. Mama mjane alikuwa shambani anapalilia. Nilisimama mwanzo wa tuta nikamsalimu. Aliitikia, akaendelea na jembe hadi mwisho wa tuta, akageuka, akarudi akipalilia tuta lililofuata. Ndipo akasimama.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nilikushuku, na nyumba yako niliipekua. Wewe ulikuwa umetunza neno la mtu."

"Amewaambia?"

"Ametuambia."

Alishusha pumzi. "Siku ile ya kwanza nilimkuta amekaa nje ya banda anatafuta kofia. Nayo iko kichwani. Nikamwambia, baba, iko kichwani. Akaishika, akalia." Alichoma jembe ardhini. "Aliporudi na lile dude nikambebea mimi, lisimwangushe. Sasa wewe unakuja na tochi, ningekwambia nini?"

Nilimpa ufunguo mmoja kwa mikono miwili. Aliutazama, hakuupokea.

"Kaa nao," alisema. "Ukija kwenye banda lako, pita tu. Mimi sitaki tena kuulizwa kilichomo."

Tulifunga amplifaya. Rangi ya kucha ilikuwa mkobani, kichupa kile kile. Nilikishika, nikatazama skrubu, na mwishowe nikaitia rangi kama kawaida yangu. Sikuona sababu ya kujifanya mtu mwingine kwa siku moja. Mwalimu aliita kutoka bandani, na mzee akajibu kutoka mjini kwa sauti iliyojaza chumba. Alituambia mshale kwake umegonga mwisho. Mama mjane alikuwa amesogea hadi mlangoni na jembe begani. Alisikiliza.

"Ndiye yeye?"

"Ndiye, mama."

"Mwambieni aje," alisema. "Asije kwa ajili ya redio. Aje tu, atembee."

Nilibonyeza nikamfikishia maneno yale hewani, kwa sababu sikujua namna nyingine. Mzee alikaa kimya, na nilijikuta nahesabu sekunde za ule ukimya, nikijiuliza kama amesahau tuko hapo. Kisha akasema amesikia.

Alikwenda wiki ile ile, na mkewe, kwa gari la kukodi hadi lilipoishia. Mimi sikuitwa. Walirudi jioni na kiroba cha njegere na mkewe akiwa amemshika mkono. Siku hizi mkewe ndiye anayemkumbusha saa ya kuwasha redio, kwa hiyo nadhani mzee alimwambia huko habari ya kusahau. Lakini nadhani tu. Walichozungumza pale juu, wao watatu, sikijui hadi leo, na kila nikienda kwao swali hunijia mdomoni, nikanywa chai yangu nikaliacha.